Wacheni Kuandika Anwani za IP kwa Mkono!

Haya, leo sina upole. Kuna tabia moja ya mafundi wa kompyuta hapa kwetu Kenya ambayo imenichosha, na kwa kuwa najua wengi wenu hupita hapa kusoma, nitaisema wazi. Mnaingia ofisi ya watu, au saiba, au maabara ya kompyuta ya shule. Mnafunga rauta, mnafunga swichi, halafu jambo la kwanza mnalofanya ni kuzima DHCP. Kisha mnazunguka mashine moja hadi nyingine mkiandika anwani za IP kwa mkono: hii 192.168.1.11, ile 192.168.1.12, ya dirishani 192.168.1.13, mpaka chumba kiishe. Mkiulizwa kwa nini, jibu lenu ni moja: "Ni usalama."

Si usalama. Nitasema ni nini, lakini kwanza wacha niwaeleze wasio mafundi jambo lenyewe, maana hao ndio wanaoilipia tabia hii.

Kila kompyuta, simu, printa au kamera iliyo kwenye mtandao lazima iwe na anwani ya IP, la sivyo haina pa kupokelea kitu. Fikiria ploti ya nyumba za kupangisha. Anwani ni namba ya mlango. Rauta ndiyo keateka wa ploti. DHCP ni ile kazi ya keateka ya kumpokea mgeni, kutazama daftari, kumwonyesha mlango ulio wazi, na kuandika nani amepewa mlango gani na mpaka lini. Zingatia hayo maneno "mpaka lini". Anwani hupangishwa, haiuzwi. Muda ukiisha na mpangaji hajaonekana, mlango unarudi kwa keateka na mwingine anaupata.

Mazungumzo yao ni mafupi sana. Mashine inawaka haina anwani yoyote, kwa hiyo inapiga kelele kwa mtandao mzima: kuna keateka hapa? Kelele hiyo hutoka kwenye anwani 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, yaani kwa yeyote anayesikia. Rauta inajibu: nipo, chukua mlango huu. Mashine inasema, tena kwa sauti ya kusikika na wote: sawa, nauchukua huo. Rauta inamaliza: ni wako kwa muda huu. Basi. Na pamoja na mlango, mashine inapewa vitu vingine vitatu ambavyo bila hivyo hakuna intaneti: ile namba ya 255.255.255.0 inayoonyesha mtandao wako unaishia wapi, anwani ya lango la kutokea nje, na anwani ya seva ya DNS inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Yote hayo hufanyika kabla hujavuta kiti.

Muda wa upangaji ukifika nusu, mashine inarudi yenyewe kwa keateka kuomba kuongezewa. Asipojibu, inaendelea kujaribu. Ukifika asilimia 87.5 ya muda na bado kimya, inapiga kelele kwa keateka yeyote. Nani kati yenu, hebu niambieni, ana nidhamu ya namna hiyo kwa zile namba alizoandika kwenye karatasi akaisahau karatasi kwenye matatu?

Na si teknolojia ya juzi. Mwaka 1985 kulikuwa na itifaki iliyoitwa BOOTP ambayo iliweza kuipa mashine anwani kupitia mtandao, lakini mtu alilazimika kwanza kuandika orodha ya mashine zote kwenye seva. Watu walichoka na hiyo orodha. Oktoba 1993 ikatoka DHCP ya kwanza, na Machi 1997 Ralph Droms akaandika ile RFC 2131 ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi hii katika IPv4. Kwa hiyo kazi mnayoifanya kwa mkono ilikwisha kupata dawa zaidi ya miaka 30 iliyopita, na dawa hiyo imo ndani ya kila rauta mnayoinunua, hata ile ya bei ya chini kabisa dukani.

Najua tabia hii ilitoka wapi. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, saiba ya kawaida ilikuwa na mashine kumi, hazihami, hakuna mtu aliyeingia na simu yenye waifai mfukoni. Namba kumi ukaziandika, ukazikariri, ukaishi nazo. Sitabishana na mtu wa wakati huo. Lakini leo mteja mmoja anaingia na simu mbili na laptop, mashine ya malipo kaunta iko mtandaoni, kamera za ukutani ziko mtandaoni, hata televisheni ya kuonyesha mpira iko mtandaoni. Bado mnatembea na karatasi?

Sasa turudi kwenye hilo neno usalama. Hoja yenu ni kwamba DHCP ikizimwa, mgeni akichomeka kebo hapati anwani, kwa hiyo hawezi kuingia. Jamani! Mgeni mwenye nia mbaya anatazama mashine iliyo jirani, anaona 192.168.1.14, anaandika kwake 192.168.1.77, amekwisha ingia. Hiyo ni dakika moja. Hata bila kutazama mashine ya jirani, programu yoyote ya bure ya kusikiliza mtandao itamwonyesha namba zinazotumika. Mlango uliofungwa kwa kutomwambia mgeni namba ya mlango haujafungwa. Anayezuiwa ni mtu mwema tu: mhasibu aliyeletewa laptop mpya, mwalimu wa zamu, mteja aliyekuja kuchapisha kitu cha haraka. Kama unataka usalama wa kweli, weka neno la siri refu la waifai, tenganisha mtandao wa wageni na ule wa ofisi, na kwenye swichi nzuri funga matundu yasiyotumika. Hiyo ndiyo kazi. Inachosha kidogo kuliko kuzima DHCP, labda ndiyo maana siioni.

Hoja ya pili: "Nikiandika kwa mkono najua kila mashine ni ipi." Fungua ukurasa wa DHCP kwenye rauta yako. Utaona orodha ya wapangaji wote walioko, jina la mashine, anwani iliyopewa, namba ya MAC ambayo ndiyo kitambulisho cha kadi yake ya mtandao, na muda uliobaki. Orodha hiyo inajiandika yenyewe na haidanganyi kuhusu leo. Karatasi yako inasema jinsi mambo yalivyokuwa siku uliyoondoka.

Niseme basi ni nini, kama si usalama. Ni kamba. Mteja anafungwa kwa fundi.

Mwaka jana niliitwa na mama mmoja mwenye duka la kuchapisha na kupiga picha za pasipoti. Alikuwa amebadilisha kampuni ya intaneti, akaletewa rauta mpya, na duka zima likafa. Taa ya rauta kijani, simu yake inaingia mtandaoni vizuri, lakini kompyuta sita na printa mbili hazina kitu. Tangu asubuhi alikuwa akiwarudisha wateja. Sababu ilikuwa rahisi: rauta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1, na kila mashine ilikuwa imeandikiwa kwa mkono kwamba lango ni hilo. Rauta mpya ilikuwa 192.168.100.1. Mashine zilikuwa zinagonga mlango wa nyumba iliyobomolewa. Fundi aliyeziandika alikuwa amemwambia kwa simu kwamba ni "kazi ya kila mashine", na akamtajia bei ya kila mashine. Mara nane. Na haikuwa mara ya kwanza. Alinieleza kwamba hata aliponunua printa ya pili alilipia "kuingizwa kwenye sistimu".

Kazi yenyewe? Nilizirudisha kompyuta zote kwenye kupokea anwani zenyewe, nikafanya hivyo kwa printa, nikazitengea printa anwani zao kwenye rauta. Chini ya saa moja, na muda mwingi uliishia kwenye printa moja yenye kioo cha mistari miwili na vibonyezo vilivyochakaa. Mama yule alitaka kujua kwa nini hakufanyiwa hivyo tangu mwanzo. Sikuwa na jibu la adabu.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la ladha ya fundi. Mwenye duka anapoogopa kubadilisha kampuni ya intaneti kwa sababu "sistimu itaharibika", ushindani wote tunaoujivunia haumfai kitu. Shule inayoambiwa isiguse kompyuta mpaka fundi aje kutoka mjini inapoteza vipindi, na mwalimu wa kompyuta ambaye angeweza kuirudisha maabara nzima kwa dakika tano anafundisha kwa ubao. Nimeona maabara yenye mashine ishirini na kitu ambapo nne zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa, ati zimekufa. Mbili kati ya hizo hazikuwa na ugonjwa wowote. Mtu alikuwa ameziandikia anwani moja, zikawa zinapigana, na kila moja ilipowashwa ilimtoa mwenzake.

Sasa, nitakuwa muungwana. Kuna mafundi ambao hawana njama yoyote. Waliwahi kutumia DHCP, ikawaangusha mbele ya mteja, wakaapa kutoitumia tena. Hao nataka tuzungumze vizuri, kwa sababu DHCP huangusha kweli, ila huwa ina sababu, na sababu hizo ninazozikuta ni tatu tu karibu kila mara.

Ya kwanza ni makeateka wawili katika ploti moja. Waifai haifiki ofisi ya nyuma, mtu ananunua rauta nyingine, anaichomeka kwenye swichi kwa tundu lolote aliloona. Rauta hiyo ya pili ilitoka kiwandani na DHCP yake imewashwa, kwa hiyo nayo inaanza kugawa milango, pamoja na lango ambalo haliendi popote. Asubuhi nusu ya ofisi ina intaneti na nusu haina, na kesho nusu zinabadilishana, kwa sababu kila mashine inachukua jibu lililotangulia. Hapo ndipo fundi anasema DHCP ni ya kubahatisha. Haibahatishi chochote, ina wakubwa wawili. Ingia kwenye ile rauta ya pili, izime DHCP yake (hiyo tu, si ile ya kwanza!), ipe anwani yake isiyogongana na nyingine, na uiunganishe kwa tundu la ndani, si lile la intaneti. Imekuwa kituo cha waifai tu. Mashine iliyochanganyikiwa utaitambua kwa ipconfig /all kwenye Windows: tazama mstari wa seva ya DHCP, utakuambia ni nani aliyempa anwani.

Ya pili ni kuchanganya mkono na DHCP bila mpango. Printa imeandikiwa kwa mkono 192.168.1.105, huku rauta ikiwa na ruhusa ya kugawa kuanzia 100. RFC 2131 inashauri seva ipige hodi kwenye mlango kabla ya kuutoa, lakini printa iliyozimwa haijibu hodi. Rauta inaona kimya, inampa mtu mlango huo, printa inaamka, vurugu.

Ya tatu ndiyo inayokuwa kubwa siku hizi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi: milango kwisha. Chukua rauta yenye OpenWrt kama inavyokuja yenyewe. Inagawa anwani 150, kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.249, na kila mmoja anapangishwa kwa saa 12. Nyumbani hiyo ni zaidi ya ya kutosha. Sasa iweke kwenye zahanati au hoteli ya chai ambako simu mpya 30 zinaingia kila saa. Zimeanza saa mbili asubuhi. Kufikia saa saba mchana simu 150 zimepita, daftari limejaa. Labda walioketi ndani ni thelathini tu, waliobaki wako nyumbani kwao wanakula, lakini simu ikiondoka kwa kawaida haiagi, na mlango wake utabaki umeandikwa kwa jina lake mpaka saa mbili usiku. Anayeingia saa saba na dakika tano hapati kitu. Kama ana laptop ya Windows, itajipa anwani inayoanza na 169.254, ambayo maana yake kwa Kiswahili rahisi ni "nimebisha, hakuna aliyefungua".

Dawa ya hapo si kununua rauta kubwa, na wala si kuandika kwa mkono (utamwandikia nani, mgonjwa aliye kwenye foleni?). Punguza muda wa upangaji wa wageni uwe saa moja. Kama mtu hukaa saa moja, simu yake itashikilia mlango saa mbili kwa kukadiria juu kabisa, kwa hiyo kwa simu 30 kila saa unahitaji milango 60. Ile 150 inatosha na kubaki. Ikiwa watu ni wengi kuliko hapo, panua mtandao wenyewe: badala ya 255.255.255.0 yenye milango 254, weka 255.255.254.0 ikupe 510. Hakuna haja ya ubahili. Anwani za ndani ni za bure, na ndani ya fungu la 10.0.0.0 peke yake kuna 16,777,216. Zilizoadimika ni zile za nje, ambazo ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake makubwa ya mwisho Februari 2011. Hizo hazihusiani na daftari la duka lako.

Kosa la kinyume nalo lipo: mtu akishasikia hivyo anaweka muda wa dakika mbili kila mahali, rauta ndogo inashinda ikijibu hodi. Kwa ofisi ya mashine zisizohama, siku nzima au hata zaidi ni sawa. Seva ya DHCP ya Windows yenyewe huja imewekwa siku 8. Kuna watu nusu saa na kuna watu wiki, ni suala la kutazama nani anaingia na kutoka.

Kwa hiyo mpango wangu kwa duka au shule ya kawaida ni huu, na haunichukui dakika ishirini. Rauta inabaki na .1. Kuanzia .2 hadi .99 siachii DHCP iguse kiholela. Humo ndimo naziweka printa, kamera, seva kama ipo. Na hata hizo siziandiki kwenye mashine zenyewe! Naenda kwenye rauta, nachukua namba ya MAC ya printa, naiambia rauta: huyu akija, mpe .20 kila siku. Printa inadhani inapanga kama wengine, kumbe mlango wake umetengwa. Siku rauta ikibadilishwa, orodha moja inahamishwa, na hakuna anayegusa kile kioo cha mistari miwili. Wageni napenda wawe na mtandao wao tofauti na muda wao mfupi. Tahadhari moja tu: usitenge anwani kwa simu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia namba ya MAC kwa kila mtandao wa waifai, kwa hiyo kitambulisho unachokiandika leo mwenye simu anaweza kukibadilisha kesho kwa kufuta mtandao au kubonyeza mahali.

Kuna kinachobaki cha kuilaumu DHCP, na sitakificha: haina njia ya kumtambua keateka wa kweli. Aliyeko ndani ya mtandao wako anaweza kujifanya yeye ndiye mgawaji. Mwaka 2001 ilitoka RFC 3118 ya kutia uthibitisho, lakini karibu hakuna anayeitumia. Kwenye swichi za ofisi kubwa kuna mpangilio wa kuruhusu majibu ya DHCP yatoke tundu moja tu, uwasheni. Lakini hatari hiyo haitibiwi kwa namba za mkono, kwa sababu aliyeko ndani ana njia nyingine za kujifanya lango hata kama DHCP haipo.

Na wale wanaoniambia wataendelea tu na mkono kwa sababu "imezoeleka", IPv6 inakuja kwenu pia. Anwani moja ni tarakimu 32. Nitakuja na kiti na soda nikutazame ukiziandika kwenye mashine arobaini.

Kwako wewe mwenye duka, au mwalimu mkuu, ambaye umesoma mpaka hapa bila kuwa fundi: kabla ya kulipa, mwombe fundi wako vitu viwili. Akuandikie neno la siri la rauta na orodha ya anwani zilizotengwa, kwenye karatasi itakayobaki kwako, si kwenye simu yake. Kisha lete laptop ambayo haijawahi kuingia mtandao huo, hata ya jirani, iliyo katika hali yake ya kawaida, na uichomeke kebo mwenyewe. Ikiingia intaneti bila mtu kugusa kibodi, mlipe. Akiinama kufungua mipangilio aanze kuandika 192, mwambie aketi kwanza, kazi bado.